Papa Hafungwi na Papa Mwenziwe

Swali ni lile lile, midomo ndiyo hubadilika. Hunijia baada ya mhadhara, hunijia kwa barua, hunijia hata pale ambapo mtu angetaraji niulizwe juu ya daawa za ndoa, kwa kuwa ndoa ndizo zinazoijaza meza ya mwanasheria wa Kanisa siku zote. Nalo husema hivi: je, si kweli kwamba Papa Pio wa Tano, katika hati yake iitwayo Quo primum ya tarehe 14 Julai 1570, aliamuru Misa ya Kilatini isomwe daima dawamu, akamwonya kwa ghadhabu ya Mungu atakayethubutu kuibadili, na kwamba kwa hiyo Papa Paulo wa Sita hakuwa na uwezo wa kuleta Misale mpya mwaka 1969, wala Papa Fransisko hakuwa na haki ya kuibana ile ya kale mwaka 2021? Muulizaji aghalabu ni kijana mwenye adabu na bidii ya dini, aliyezaliwa miongo mitatu baada ya Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano kufungwa, ambaye hajapata kuhudhuria hata mara moja ibada hiyo anayoitetea, na ambaye elimu yake ya sheria za Kanisa imetoka katika filamu fupi za wahubiri wa Marekani na Ulaya. Jibu langu ni fupi: si kweli. Walakini jibu fupi halijapata kumtosheleza yeyote, basi leo nitalieleza kwa urefu, nikitumaini, pasipo dalili yoyote ya kunitia moyo, kwamba sitaulizwa tena.

Sitaeleza hapa Misa ni nini, wala Mtaguso ulisema nini juu ya lugha za wenyeji; asomaye makala ya namna hii anayajua hayo, na asiyeyajua amwendee katekista wake. Wala sishindani na mtu juu ya uzuri. Misa ya kale ina haiba yake, ukimya wake na taadhima yake, na aipendaye hana kosa lolote mbele ya Mungu wala mbele ya sheria. Ninayoikusudia ni hoja moja tu, hoja ya kisheria, ambayo hutembezwa kana kwamba ni kauli ya mwisho ya wanazuoni, ilhali hakuna mwanazuoni wa sheria za Kanisa mwenye jina aliyeweza kuisimamisha.

Tuanze na hati yenyewe, maana wengi waitajao hawajaisoma. Mtaguso wa Trento, uliokaa kwa vipindi tangu 1545 hadi 1563, ulivunja kikao chake kabla haujaimaliza kazi ya kusahihisha vitabu vya ibada, ukaikabidhi kwa Papa. Na Pio wa Tano, aliyekuwa Mdominiko mkali wa nafsi yake kabla ya kuwa mkali kwa wengine, akaikamilisha. Aliamuru Misale yake ishike mahali pa nyingine zote katika makanisa ya mapokeo ya Kilatini, isipokuwa pale palipokuwa na desturi ya miaka 200 au zaidi, na kwa mlango huo Milano ikabaki na liturujia yake na Wadominiko wakabaki na yao. Kisha akakataza kuongeza au kupunguza neno, akawatoza faini wapiga chapa watakaochapa bila idhini, akatoa ruhusa ya kuisoma Misale hiyo kwa daima, na akafunga kwa onyo kwamba atakayeivunja amri hii ajue ya kuwa atapatwa na ghadhabu ya Mwenyezi Mungu na ya Mitume wenye heri Petro na Paulo. Maneno ni makali, nami sikatai kwamba yamo. Bali mwanasheria haulizi tu kama maneno yamo. Huuliza yanamfunga nani.

Yanawafunga walio chini ya mamlaka ya aliyeyasema: mapatriarka, maaskofu, maabate, mapadre, wapiga chapa. Hayamfungi khalifa wa Petro ajaye, kwa sababu ajaye hapokei mamlaka yake kwa hisani ya aliyemtangulia, bali kwa wadhifa wenyewe, na huyapokea kamili kama alivyoyapokea yule wa kwanza. Ndivyo isemavyo kanuni ya 331 ya Sheria za Kanisa, na ndivyo walivyofundisha wanasheria wa Zama za Kati kwa kauli yao mashuhuri kwamba aliye sawa hana amri juu ya aliye sawa naye. Bunge la leo haliwezi kulikataza Bunge la kesho kutangua sheria lililoitunga, hata likiandika katika kifungu cha mwisho kwamba sheria hiyo itadumu hata kiama. Na hakuna mwananchi anayeshangaa inapotanguliwa. Kule kusema daima katika hati za Kipapa kulikuwa mtindo wa makarani wa Roma, wenye maana ya kwamba amri hii haikuwekewa muda, haihitaji kufanywa upya kila mwaka, na haifi kwa kufa kwake aliyeitoa. Haukuwa wasia wa kumfunga mikono atakayekalia kiti kile kile.

Msomaji mwenye shaka atasema hayo ni maelezo yangu. Hasha, ni mwenendo wa Mapapa wenyewe, na hapa naomba nisimame kidogo, maana mahali hapa ndipo hoja yote inapovunjika. Miaka miwili kabla ya Misale, yaani mwezi Julai 1568, Pio huyo huyo wa Tano alitoa Breviari, kitabu cha sala za kila saa za mapadre na watawa, kwa hati iitwayo Quod a nobis. Na ndani yake alitamka, kwa lugha iliyo kali hata kuliko ile ya Misale, kwamba kitabu hicho kisibadilishwe wakati wowote, si chote wala sehemu yake, wala kisiongezwe wala kupunguzwa. Sasa itazame tarehe 1 Novemba 1911. Siku hiyo Papa Pio wa Kumi, kwa hati yake Divino afflatu, aliupangua mpango wote wa Zaburi uliokuwamo katika Breviari ile, akaziondoa katika sala ya alfajiri ya kila siku zile Zaburi tatu za mwisho ambazo Wakristo walikuwa wakizisali saa hiyo tangu zama za kale mno, akaupiga marufuku mpango wa zamani kuanzia Januari 1913, kisha, kwa utulivu usio na haya hata kidogo, akafunga hati yake kwa onyo lile lile la ghadhabu ya Mwenyezi Mungu na ya Mitume Petro na Paulo juu ya yeyote atakayempinga. Na Pio wa Kumi ni nani? Ni mtakatifu ambaye jina lake limechukuliwa na kundi kubwa kuliko yote ya wapinzani wa mageuzi, Shirika la Kipadre la Mtakatifu Pio wa Kumi, ambalo mapadre wake husali kila siku ya Mungu kwa mpango wa Zaburi ulioipindua amri ya daima ya Pio wa Tano. Ikiwa ghadhabu ya Mitume iko kwa kila Papa agusaye kitabu cha mwenziwe, basi wa kwanza kuipata ni msimamizi wao wa mbinguni.

Baada ya hilo mengine ni nyongeza, lakini nyongeza zenye uzito. Misale yenyewe ya 1570 haikukaa hata miaka 40 bila kuguswa: Klementi wa Nane aliisahihisha mwaka 1604, Urbano wa Nane mwaka 1634, na wengine wakafuata hadi toleo la 1920. Pio wa Kumi na Mbili, ambaye mwaka 1947 alikuwa amefundisha wazi kwamba ni Papa peke yake aliye na haki ya kuanzisha taratibu za ibada na kuzibadili zile anazoona zafaa kubadilishwa, aliufinyanga upya Mkesha wa Pasaka mwaka 1951 na Juma Kuu zima mwaka 1955. Yohane wa Ishirini na Tatu akaingiza jina la Mtakatifu Yosefu katika Kanuni ya Misa mwaka 1962, mahali ambapo hakuna aliyethubutu kutia jina kwa karne nyingi. Kwa hiyo kitabu ambacho wapenzi wa Misa ya kale hukishika leo mikononi, yaani Misale ya 1962, si kitabu cha Pio wa Tano bali ni mwisho wa msururu wa Mapapa waliokiongeza na kukipunguza. Nje ya liturujia hali ni hiyo hiyo: tarehe 21 Julai 1773 Papa Klementi wa Kumi na Nne alilivunja Shirika la Wajesuiti kwa hati iliyojitangaza kuwa na nguvu daima, isiyoweza kuhojiwa na mtu; na tarehe 7 Agosti 1814 Pio wa Saba akalirudisha. Daima ile ilidumu miaka 41.

Wako wenye akili zaidi ambao, wakiisha kushindwa hapo, huhamia kwingine. Husema: Papa Benedikto wa Kumi na Sita, mwaka 2007, alitamka kwamba Misale ya 1962 haikupata kutanguliwa kisheria. Alitamka hivyo, na wanasheria wamekuwa wakibishana juu ya kauli hiyo tangu wakati huo, kwa kuwa Paulo wa Sita alikwisha kuwaambia makardinali wazi, tarehe 24 Mei 1976, kwamba Misale mpya ililetwa ili ishike mahali pa ile ya zamani. Lakini tujalie kwamba Benedikto ndiye mwenye haki. Alilosema ni kwamba Paulo wa Sita hakuitangua; hakusema kwamba hakuweza kuitangua, na mtu asiyeona tofauti ya maneno hayo mawili asishike kalamu ya kuandika juu ya sheria. Fauka ya hayo, Benedikto mwenyewe aliipangia Misa hiyo masharti: nani aisome, wapi, kwa waamini wa namna gani. Angewekaje masharti juu ya kitu kisichoguswa na Papa?

Wengine hukimbilia desturi ya tangu zamani isiyokumbukika mwanzo wake, ambayo kanuni ya 28 huilinda isifutwe na sheria isiyoitaja. Hoja hii angalau imesomewa. Lakini huwezi kusema asubuhi kwamba Misa hiyo ni sheria iliyotungwa na Papa mwaka 1570 na jioni ukasema ni desturi isiyokuwa na mtungaji. Na hata ukiruhusiwa, waraka wa Papa Fransisko wa tarehe 16 Julai 2021, Traditionis custodes, umetaja kwa jina, katika kifungu chake cha nane na cha mwisho, sheria, maagizo, ruhusa na desturi zote za awali zisizopatana nao, ukazitangua. Aliyeuandika alijua mlango huo upo, akaufunga.

Je, ina maana Papa aweza kufanya apendavyo? La. Hawezi kuifuta Ekaristi, hawezi kuweka maji mahali pa divai, hawezi kufundisha kwamba Kristo hakufufuka. Kardinali Ratzinger, alipokwisha kuwa Papa Benedikto wa Kumi na Sita, aliwaambia waamini wa Roma katika kanisa kuu la Laterano, mwezi Mei 2005, kwamba Papa si mfalme wa kujifanyia atakalo, bali ni mtumishi aliyefungwa na Neno la Mungu. Nakubali kila herufi. Lakini kutoka hapo kwenda kwenye dai kwamba kusemwa kwa Zaburi chini ya ngazi za altare ni sehemu ya Neno la Mungu lisilobadilika, ni safari ndefu ambayo watu huisafiri kwa kuruka. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, tarehe 18 Julai 1870, uliweka chini ya mamlaka ya Papa si imani na maadili tu, bali nidhamu na uongozi wa Kanisa pia. Na wapinzani wetu ni watu wanaojisifia utii kwa Mtaguso huo kuliko ule uliofuata.

Hapo ndipo ilipo ajabu ya upinzani huu wote, nayo imewapata hata walio wakweli kati yao. Marcel Lefebvre, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1905, hakuwa mzushi wa mtaani. Alikuwa mmisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, lile lile lililofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, ingawa yeye utumishi wake ulikuwa Gabon na kisha Dakar, alikokuwa Askofu Mkuu; akaliongoza shirika hilo lote tangu 1962 hadi 1968. Mwaka 1970 alianzisha nchini Uswisi lile Shirika la Kipadre la Mtakatifu Pio wa Kumi, na seminari yake Écône. Mwaka 1976 akawapa upadri vijana wake kinyume cha katazo la Roma, akasimamishwa huduma. Na tarehe 5 Mei 1988 akatia sahihi mapatano na Kardinali Ratzinger, ambayo kesho yake aliyakana. Tarehe 30 Juni mwaka huo, akiwa na Askofu Castro Mayer wa Brazil, akawaweka wakfu maaskofu wanne bila idhini ya Papa, tendo ambalo kwa sheria huleta adhabu ya kutengwa na Kanisa papo hapo. Alisema kulikuwa na hali ya dharura. Nani aliyeithibitisha hali hiyo ya dharura? Yeye mwenyewe. Na miaka mitano kabla yake, mwaka 1983, mapadre wake wa Marekani walipokataa vitabu vya 1962 wakidai kwamba hata hivyo ni vipya mno, tisa kati yao walitoka au walitolewa katika Shirika, kwa sababu, aliona yeye, jumuiya haiwezi kuishi ikiwa kila padre atajichagulia vitabu. Sijapata kusoma utetezi bora kuliko huo wa amri ya Paulo wa Sita.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua kanuni hiyo hiyo kwa upande wake wa pili. Emmanuel Milingo, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Lusaka, aliwaweka wakfu wanaume wanne wenye ndoa mwaka 2006, huko Marekani, naye pia akidai kwamba mahitaji ya Kanisa yalimlazimisha. Akaangukia adhabu ile ile. Mmoja alitaka kurudi nyuma, mmoja alitaka kwenda mbele, na sheria haikuuliza walikuwa wakielekea wapi. Ama wale wanne wa Lefebvre, Benedikto aliwaondolea adhabu tarehe 21 Januari 2009, na Fransisko, huyo wanayemlaumu, akawapa mapadre wa Shirika uwezo halali wa kuondolea dhambi tangu mwaka wa Huruma ya Mungu ulioanza Desemba 2015, na mwaka 2017 akafungua njia ya ndoa zinazofungwa mbele yao kutambuliwa. Mamlaka waliyoyakana ndiyo yaliyowapa walichokosa.

Nikiyasema haya huambiwa kwamba nafundisha utii wa kitumwa, kana kwamba kati ya kunyamaza na kuasi hakuna njia. Njia ipo, na bara letu limeionyesha hivi karibuni. Tarehe 18 Desemba 2023 Roma ilipotoa tamko la Fiducia supplicans juu ya baraka kwa watu walio katika mahusiano yasiyo ya kawaida, maaskofu wengi wa Afrika hawakuridhika nalo. Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kiongozi wa shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika na Madagaska, hakutoa laana kwenye filamu, wala hakudai kwamba kiti cha Petro kimekuwa kitupu. Alikusanya maoni ya mabaraza, akapanda ndege, akazungumza na Papa na mkuu wa idara iliyohusika, na tarehe 11 Januari 2024 ikatoka barua, kwa ridhaa ya Papa mwenyewe, kwamba baraka hizo kwa wapenzi wa jinsia moja hazitatolewa katika makanisa ya Afrika. Mtu aweza kuipenda barua hiyo au kuichukia, lakini aone ilivyopatikana. Linganisha na Askofu Mkuu Viganò, aliyekuwa balozi wa Papa Marekani, ambaye alifikia kumkana Papa na Mtaguso, na mwezi Julai 2024 akatangazwa kuwa ametengwa na Kanisa kwa kosa la farakano. Hakupata kitu, wala hakumpatia kitu yeyote aliyemfuata.

Wala nisidhaniwe kuwa naona sheria ya 2021 ni kamilifu. Ni halali; kama ilikuwa ya busara katika kila kifungu, hilo ni suala jingine, na kanuni ya 212 inanipa haki ya kulisema. Maelezo yaliyotolewa Desemba mwaka huo, yanayosema kwamba Misa ya kale inaporuhusiwa katika kanisa la parokia isiwekwe katika ratiba ya Misa za parokia, yananishangaza hadi leo, kwa maana waamini walioruhusiwa kusali hawana sababu ya kufichwa kama wakwepa ushuru. Na kwa wale wa upande wa pili waliochekelea, wakadhani neno limekwisha, ninao ujumbe ule ule niliowapa wenzao: Papa hafungwi na Papa mwenziwe. Alichokibana Fransisko aweza kukilegeza mwingine kwa mstari mmoja. Na Papa Leo wa Kumi na Nne, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025, alikwisha kuruhusu mwezi Oktoba mwaka huo Kardinali Burke asome Misa ya kale katika Basilika la Mtakatifu Petro.

Basi afanyeje aipendaye? Niseme upesi, maana haya yamo vitabuni. Kilatini hakijapigwa marufuku: kanuni ya 928 inaruhusu Misa ya sasa isomwe kwa Kilatini, na paroko mwenye nia njema aweza kuanza Jumapili ijayo, kwa nyimbo za Kigregori na kwa altare ile ile; wazee wetu bado wanaiimba Tantum ergo kwa moyo, na hawana la kufundishwa. Komunyo mdomoni ni haki yako, na kupiga magoti pia. Hakuna mhudumu awezaye kukunyima kwa sababu hiyo. Ukitaka Misale ya 1962 yenyewe, mwombe askofu wa jimbo, kwa kuwa ruhusa ni yake, ila ujue kwamba kutumia kanisa la parokia, na kumruhusu padre aliyepewa upadri baada ya tarehe 16 Julai 2021, ni lazima Roma iridhie. Askofu akitoa amri inayokuumiza, mwombe kwa maandishi, ndani ya siku 10, aitangue. Akikataa, una siku 15 za kukata rufaa Roma, na siku hizo usizipoteze kwa kulalamika. Dhidi ya amri ya Papa mwenyewe rufaa hakuna, kwa kanuni ya 333. Zipo jumuiya zenye vitabu vya kale na umoja na Papa, kama Shirika la Kipadre la Mtakatifu Petro, lililoanzishwa mwaka 1988 na waliomwacha Lefebvre, na ambalo Fransisko alilithibitishia vitabu vyake Februari 2022. Wafuasi wa Castro Mayer huko Campos waliomba wakapewa, mwaka 2002, uongozi wao wenyewe pamoja na Misale yao. Waingereza waliomba mwaka 1971, Agatha Christie asiye Mkatoliki akiwa miongoni mwa waliotia sahihi, na Paulo wa Sita, huyo huyo, akawapa. Ukiwa karibu na kituo cha Shirika la Pio wa Kumi, kwa mfano Nairobi, daraja ya mapadre wao ni ya kweli na kitubio kwao kinafaa. Kwa ndoa nenda kwanza kwa askofu wako. Kwa mengine, jua kwamba huduma yao haina kibali, na usiwapeleke watoto wako kukulia mahali ambapo jina la Papa hutajwa katika Misa na kudhihakiwa katika mahubiri.

Waliopata kitu tangu 1969 ni wale walioomba. Mwandikie askofu wako, kwa jina lako na sahihi yako, umweleze mko wangapi, mnataka nini na kwa sababu gani. Na katika barua hiyo, nakusihi, usiitaje Quo primum.